Nilimupa Shangazi Kadi ya Harusi

Wacha nianze na ile inayonifanya nijifunike uso na kitenge mpaka leo: mi njo yule bi harusi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, aliyemualika shangazi yake mwenyewe ku harusi. Na kadi. Kadi yenye riboni, yenye jina la meza, yenye maneno "tafadhali onyesha kadi hii mulangoni". Na sikutuma mutu, apana. Nilimupelekea mwenyewe, kwa mikono miwili, nimepaka wanja, natabasamu kama mutu anayepeleka habari ya mutoto kuzaliwa.

Kama bado hujaona ubaya uko wapi, usijisikie vibaya, na mi sikuuona. Nilisoma mpaka darasa la tisa, ya kumi ikanishinda, na kila nikifanya ujinga nasingizia ile ya kumi. Lakini hii haifundishwi shuleni. Hii mutu anazaliwa anaijua, na mi nilizaliwa siijui.

Kwetu, shangazi, yaani dada ya baba, hapewi kadi. Kadi ni ya mugeni. Shangazi ni mwenye harusi. Anagombana na wapishi, anaonja muchuzi kabla ya mutu yeyote, na siku yenyewe anaingia mu chumba cha bi harusi asubuhi, anamuogesha, anamufunika, anamushika mukono na kumutoa nje. Baba akiwa hai wanasaidiana. Baba akiwa amekufa, kama wangu, shangazi njo baba. Binti asiyetolewa na shangazi, watu wa mutaa wanasema ametoka kama mutu aliyetoroka. Na wangu alikuwa mumoja tu. Baba hakuwa na dada mwingine wa akiba.

Sasa mutaniuliza ilikuwaje. Ilikuwa kwa sababu ya mpango muzuri. Ujinga wangu mukubwa yote inatokaga mu mpango muzuri.

Mi nauza vipuri mu duka moja kule Buyenzi, upande wa magaraji. Buji, filtre, plakete za breki, rulma, vitu vya hivyo. Mu duka yetu kila kitu iko na boksi yake, na ukikosea boksi, gari ya mutu inashuka kilima bila breki. Kwa hiyo posa ilipokubaliwa na watu wakaanza kuniuliza "sasa harusi utaipanga vipi?", nikajibu: kama duka. Nikachukua maboksi matupu, nikayapanga chini ya kitanda. Boksi ya filtre, kadi. Boksi ya plakete, riboni na vitambaa. Boksi ya rulma, vikaratasi vya watu walioahidi: huyu sufuria, huyu mikeka, huyu gari. Chumba changu kilinuka grisi mpaka mama akauliza kama naolewa ama nafanyiwa vidanje kama gari, oili ibadilishwe.

Bi harusi mwenzangu, kama umefungua hapa kutafuta mawazo ya kadi, yako hapa, chukua. Mi nilikata vipande vyembamba vya kitenge cha mama, kile alichovaa yeye akiolewa, nikavibandika ku ukingo wa kila kadi. Inapendeza sana, na hakuna mutu mwingine mu Bujumbura atakuwa na kadi ya hivyo. Lakini usibandike siku ya mvua! Mi nilibandika siku ya mvua. Gundi ilikataa kukauka, kadi zikajikunja kama chapati, nikazitandika chini ya godoro na kuzilalia, na asubuhi nikaamka na "familia ya marehemu" imechapwa ku mugongo wangu kwa wino. Zile zilizoharibika nikazitupa. Kwa hiyo agiza na za ziada.

Jina la mugeni liandikwe na mukono, kwa kalamu, inaonyesha heshima. Ila uandikiwe na mutu mwenye mukono muzuri. Mi ninaandika kama kuku amekanyaga wino, kwa hiyo ile kazi nilimupa rafiki yangu. Huyu rafiki tunauza naye mu duka, meza yetu moja, yeye upande wa buji na mi upande wa breki. Mukono wake ni muzuri mpaka wateja wanaomba risiti hata ya kitu hawajanunua.

Tulikaa ku mukeka, yeye anaandika, mi natia mu bahasha. Tukafika pale.

"Na shangazi pia?" akauliza, kalamu iko juu.

"Hasa shangazi!"

"Mm."

"Mm nini?"

"Mi naandika tu, sha. Mi siyo wa kwenu."

Akaandika. Aliandika vizuri kuliko zote, na mi nikamuwekea riboni ya rangi ya dhahabu, ile pana. Mu simu nilikuwa nimesoma ku ukurasa mumoja wa mabibi harusi kwamba usimusahau mutu hata mumoja, hata watu wa ndani wapewe kadi ya kumbukumbu. Na mi woga wangu wote ulikuwa hapo: kusahau mutu. Nilikuwa naamka kabla ya adhana kuzihesabu upya. Nikikumbuka jirani mumoja hana kadi, moyo unaruka, nashuka kitandani, navuta boksi ya filtre. Nilisahau kuogopa kitu kingine.

Kugawa pia nilipanga kwa mitaa. Buyenzi kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na usikubali kukaa kwa kila mutu, utamaliza umekunywa chai kama bahari. Kibenga, kule ku ziwa, nilimuachia muchumba wangu, yeye ni fundi wa magari na huko anakaa boss yake. Mutakura nikajiwekea mwenyewe, kwa sababu ni kwa shangazi, na kwake nilitaka kuanza.

Shangazi anauza maharagwe na dengu mbele ya nyumba yake. Nilimukuta amekaa na ungo ku mapaja, anachagua mawe. Nikasalimia, nikapiga goti, nikatoa bahasha. Akapangusa mikono, akavaa miwani.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, shangazi."

"Yangu mi?"

"Yako we. Ya kwanza kabisa! Hata wakwe sijawapelekea."

Akafungua riboni pole pole. Akasoma kwa sauti, kidole kinafuata maneno. "'Wana furaha kukualika.' Kunialika."

"Ndiyo."

"'Onyesha kadi hii mulangoni.'"

"Kutakuwa na protokole mulangoni, shangazi, wale wa kupokea watu. Sitaki wakusumbue."

"Wasinisumbue," akarudia. "Na huyu Yasmini ni nani?"

"Ni jina la meza yako. Kila meza nimeipa jina la ua. Yako ni ya mbele kabisa."

"Meza yangu." Akairudisha kadi mu bahasha, akaifunga riboni vizuri kuliko mi nilivyoifunga. "Asante, mwanangu. Nimealikwa."

Nikarudi Buyenzi naimba. Wallahi, naimba.

Mama nilimukuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nikamuambia ya Mutakura imeisha, na shangazi kadi yake imemupendeza. Kisu kikasimama.

"Umemupa nani kadi?"

"Shangazi."

"Shangazi gani?"

"Si iko mumoja?"

Mama akaweka kisu chini. Akaweka na ndizi. Akashika kichwa. "Yoo! We mutoto umeniua. Yoo, mi leo nimekufa."

"Mama, nimemupa meza ya mbele!"

"Mwenye nyumba anapewa meza? Mi umenipa kadi?"

"We si unakaa hapa?"

"Na yeye anakaa wapi, mu damu yako? Umemutoa! Umechukua dada ya baba yako, umemuweka nje, umemuambia: ngojea mulangoni, ukionyesha karatasi utaingia!"

Hapo njo nikaelewa nimefanya nini. Nikachukua simu, nikamupigia shangazi. Akaitika upesi, sauti tamu kama sukari ya mu sherbeti.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Shangazi, ni mi."

"Aa, bi harusi! Habari za huko? Mi niko hapa nashona nguo ya kuja nayo. Ku kadi mumeandika saa kumi na mbili ya jioni, siyo?"

"Shangazi, lakini asubuhi..."

"Asubuhi siyo ku kadi, bibie. Nimeangalia mbele na nyuma."

Akanitakia siku njema. Shangazi yangu, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kumaliza kuzungumza na mi bila kuniita punda, akanitakia siku njema. Nilikaa chini ku udongo karibu na maganda ya ndizi.

Mama akasema ile neno moja kwa moja: "Atakuja ukumbini jioni. Sasa hapa asubuhi nani atakutoa?"

Muchumba wangu, ambaye kwake kila kitu ni bulon ya kukaza tu, akauliza kwa nini dada ya mama asinitoe. Mama akamuangalia mpaka akatafuta kofia yake. "Upande wangu unalea," mama akamuambia. "Upande wa baba njo unatoa. Mi siwezi kutoa mutoto wa watu." Akiwa amenizaa yeye! Lakini njo hivyo.

Tukamutuma yeye muchumba aende kuomba radhi, na sukari na muchele na maneno tuliyomufundisha. Akarudi amefurahi, mufuko mutupu.

"Amenipokea vizuri sana! Amenipa chapati."

"Amesema nini?"

"Amesema tutaonana ukumbini, inshallah."

Nikamuambia atoke mbele yangu.

Na harusi yenyewe, ile ya ku maboksi, ikaanza kuoza huku chini. Esanse ilikuwa haipatikani mu muji, watu wanalala ku foleni za mafuta, na kila aliyeahidi gari ananipigia kusema gari iko lakini haitembei. Mama wa hina, yule niliyemuwekea nafasi mapema, akajifungua. Nguo haikufunga mugongoni, kwa sababu woga wa watu wengine unawakondesha, wangu unakula. Gunia la muchele tuliloegemeza ku ukuta likavuta maji ya mvua. Na mi kila mutu akiniuliza "maandalizi?" najibu "vizuri, alhamdulillah", kisha naenda chooni.

Siku moja rafiki yangu akafunga duka mapema, akanishika mukono. "Twende Mutakura. We umeandika kwa akili yako, mi nimeandika kwa mukono wangu. Tutapigwa wote wawili."

Laiti tungepigwa.

Kwa shangazi mi nilikuwa naingiaga kwa nyuma, kupitia jikoni. Tangu utoto, ule mulango wa mbele sijui hata unafunguka upande gani. Siku ile alitusikia uani, akazunguka, akatufungulia wa mbele.

"Karibuni, wageni. Piteni, piteni."

Akatukalisha mu salo, ku viti vile vyenye vitambaa vya kushona, ambavyo mi nilichapwa mara ngapi kwa kuvikalia. Akaleta Fanta ku sinia, na gilasi za maua, na karatasi ya kupangusa mudomo imekunjwa pembe tatu. Akakaa mbele yetu, mikono ku magoti.

"Safari ilikuwa salama?"

Kutoka Buyenzi mpaka Mutakura! "Salama, shangazi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillah."

Rafiki yangu akanywa Fanta, ikasikika ikishuka. Mi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyarudia njia nzima, na sasa yote yamekimbia kama kuku kwa kusikia mwewe. Nikaona gilasi tupu ya rafiki yangu, nikaruka kuishika niipeleke jikoni, angalau mikono ipate kazi.

"Apana, apana, bibie, kaa. Mugeni haingii jikoni."

Nikakaa. Nilitamani anipige na ungo.

"Shangazi, mi nilikosa."

"Umekosa nini? Kadi ni nzuri sana. Nimewaonyesha majirani. Ile riboni, wamesema ni ya Dubai."

"Shangazi..."

"Na maandalizi? Yanaendelea vizuri?"

Aliuliza vile mugeni anauliza, kichwa kimelala kidogo upande, tabasamu ya adabu. Na jibu lake unalijua, hata mi nalijua, nilikuwa nalitoa kila siku bila kufikiri. Nikafungua mudomo niseme vizuri, alhamdulillah. Haikutoka.

"Vibaya," nikasema. "Inaendelea vibaya, shangazi."

Na nikishaanza, breki hakuna. Nikamuambia muchele umelowa. Nikamuambia magari yamekosa esanse na ukumbi uko mbali na kwetu. Nikamuambia mama wa hina amezaa. Nikamuambia nguo haifungi, nimeweka pini mugongoni na nikikohoa zinatoka. Nikamuambia mupishi anataka makala, yale makaa ya kupikia, kabla ya siku yenyewe na mi sijui ataweka wapi. Nikamuambia kwamba zile familia mbili za nyuma ya musikiti zilizogombana, nimeziweka meza moja bila kujua, na kadi nimeshagawa. Nilikuwa nalia kama bomba. Nikamuambia hata yale ya ndani ya nyumba, ya mume na muke, hakuna aliyekaa na mi kuniambia kitu, na mama nikimuuliza anakohoa. Rafiki yangu kicheko kikamupitia puani.

Ile tabasamu ya shangazi bado iko, lakini niliona shavu moja linacheza.

"Muchele gani umelowa?" akauliza.

"Wa gunia."

"Najua wa gunia. Umelowa vipi?"

"Tuliuegemeza ku ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ule wa nyuma."

"Ule ukuta unaolia maji tangu kaka yangu yuko hai?" Sauti ilianza kupanda. "Mu masika? Nani aliuweka, mama yako?"

"Ni mi."

"Na ni punda gani anaweka muchele ku ule ukuta?"

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Punda! Lakini sikucheka, niliogopa akijisikia atarudi ku adabu ya ugeni.

"Na yule wa hina, ni yule wa karibu na shule? Si kila mutu anaona tumbo lake tangu mufungo wa Ramadhani?"

"Mi sikuona."

"Ungeonea wapi? Uko chini ya kitanda unafunga riboni!" Akasimama. Akaninyang'anya gilasi nikiwa bado nakunywa, Fanta ikamwagika ku kile kitambaa cha kushona, na hata hakuiangalia. "Umekaa hapo kama nani? Simama. Kuja jikoni. Na we mwenye mukono muzuri, leta sinia."

Jikoni akatupa dengu tuchague, sisi wote wawili, na yeye akawa anazunguka, anapiga simu kwa watu ambao mi sikujua kama wako hai. Mutu wa hina. Mutu wa makala. Binamu wa baba, mwenye turubai la kuanika muchele. Kila simu ilianza hivi: "Unajua huyu mutoto amefanya nini?" Nilitukanwa Mutakura yote, na mpaka mitaa ya jirani.

Mwishoni akanigeukia, kijiko mukononi. "Bado nimekasirika. Usifikiri imeisha. Nitakasirika mpaka harusi ipite, na inawezekana na baada. Lakini ule muchele hauwezi kungojea hasira yangu."

Tulipotoka nikamuuliza pole pole: "Na asubuhi ile, shangazi, utakuja?"

Akafunga mulango. Wa nyuma, lakini akaufunga.

Kwa hiyo usifikiri nilipona. Muchele ulikauka, hina ilipakwa, nguo iliongezwa kipande kwa pembeni, na mi woga ulikuwa pale pale. Shangazi alikuja Buyenzi mara nyingi zile siku, akagombana na mama, akagombana na mupishi, akafuta meza zangu zote za maua kwa kusema watu watakaa na watu wao. Lakini kila nikitaja asubuhi ya harusi anauliza kama nimekula. Mama akasema, "Kazi ya muchele mutu anaweza kufanya kwa huruma. Kukutoa ni kitu kingine. Usimusukume."

Siku ikafika. Nimekaa ku mukeka mu chumba, nimefunikwa kitambaa, maji ya kuoga yako mu beseni yanapoa. Huko nje wanawake wanaimba, kisha wanaacha kuimba na kunong'ona, kisha wanaimba tena kwa nguvu ili nisisikie walivyonong'ona. Mama anaingia, anagusa maji, anatoka. Anaingia, anagusa, anatoka. Dada ya mama akaingia pia, akakaa karibu na mi, na nikajua wameshaanza kufikiria yule ambaye hafai. Simu ya shangazi haipatikani. Rafiki yangu alikuwa ananipepea na kifuniko cha boksi ya plakete, anapepea upesi kuliko inavyohitajika.

"Akikosa kuja?" nikamuuliza.

"Atakuja."

"Akikosa?"

"Basi utaolewa na mi, tutauza breki mpaka kufa. Nyamaza."

Saa ile tukasikia sauti ku mulango wa uani. Siyo salamu. Ilikuwa inauliza nani ameweka sufuria za pilau upande wa moshi, kama wapishi hawana macho. Huko nje vigelegele vikapanda. Shangazi akaingia mu chumba, viatu mukononi, kitenge kimejaa tope mpaka magotini. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na hata pikipiki, zote zimelala kwa kukosa mafuta. Alikuwa ametembea kutoka Mutakura na ile nguo mupya ku kichwa, ndani ya mufuko.

Akatia mukono mu beseni.

"Haya maji ni ya kuogesha bi harusi ama ya kuogesha samaki? Yapashwe! Na nyinyi wote mutoke, mi niko na maneno na huyu punda."

Wakatoka. Yale maneno siyaandiki hapa, ni ya mu chumba. Nitasema tu kwamba mengine yalikuwa ya ndoa, na mengine yalikuwa ya baba, jinsi baba alivyomubeba yeye mugongoni wakati wa mafuriko walipokuwa watoto, na akapangusa macho, akasingizia sabuni. Alinisugua mpaka nikafikiri anatafuta ngozi ya chini. Alikuwa bado amekasirika, mikono ilikuwa inasema.

Kisha akanifunika, akanishika mukono, akanitoa. Na kwa sababu magari hayakuwepo, tulitembea mpaka musikitini, ku ndoa. Buyenzi watu wanatembeaga hata hivyo. Tukapita katikati ya magaraji, mafundi wakatoka chini ya magari na grisi mpaka masikioni, wengine wakagonga chuma kwa chuma kunisindikiza, na mi kitambaa kimenifunika, naona tu miguu ya shangazi imerudi mu viatu vyake na mukono wake umekaza wangu mpaka vidole vinakufa ganzi. Kila nikipunguza hatua ananivuta. Kila nikiharakisha ananivuta pia.

"Pole pole. Unakimbilia nini? Anakungojea, hana pengine pa kwenda."

Jioni ukumbini hakukaa hata mara moja. Nilimuona tu akipita, na sahani, bila sahani, anahamisha watu, anawapa kazi wale wa protokole, anaonja. Ile meza ya mbele waliikalia wapishi wakipumzika.

Nilirudi dukani baada ya mapumziko yangu ya harusi, nikakuta rafiki yangu amepanga upande wangu vibaya, plakete mu boksi ya buji, na anachekea chini chini.

"Shangazi yako alipita hapa," akasema.

"Kutafuta nini?"

"Kuniuliza kama niko na mutu. Nikamuambia apana, bado. Akasema nikimupata nisihangaike, harusi yangu ataisimamia yeye kwa mukono wake, mwanzo mpaka mwisho."

"Na we ukamujibu nini?"

"Ningemujibu nini, sha? Nimesema ndiyo. Sasa we na maboksi yako mutafute kazi ingine. Na nimemuuliza kama utaruhusiwa kusaidia hata kidogo. Amesema utachagua dengu."